Wenzangu, Mko?

Stima ikipotea hapa Kawangware, kinyozi aliye chini ya chumba changu huvuta kamba ya jenereta yake mara kadhaa, akaitukana kidogo, ndipo inaposhika. Mlio hupanda ngazi pamoja na harufu ya petroli, na kabla sijapapasa kutafuta mshumaa, mimi nimekwisha kwenda mbali. Nimerudi kuwa mtoto wa kaptula, nimekaa kwenye benchi ndani ya holi lenye joto, madirisha yamezibwa kwa mablanketi ya watu, na shangazi yangu Zamzam amenishika mkono kwa nguvu mpaka vidole vinakufa ganzi.

Wajukuu hunicheka. Husema Babu akisikia jenereta anakaa wima kama mtu aliyeitwa. Mimi siwabishii, kwa sababu ni kweli. Siku ile niliitwa, na sikuitika. Nyinyi mnaosoma haya nitawaeleza ilivyokuwa, na msinionee huruma mapema, maana nilijua nilichokuwa nikifanya.

Tulikaa Kambi Muru, Kibera, wakati ambapo kati ya nyumba na nyumba mtu aliweza kupanda mahindi na bado akabakiza nafasi ya kufunga mbuzi. Nyumba yetu ilikuwa ya udongo, paa la mabati, na mbele ilikuwa na baraza ambapo wanawake walisuka tabaga, zile kawa za rangi ambazo sisi Wanubi hufunikia chakula. Shangazi Zamzam, dada mdogo wa baba yangu, alikuwa bado hajaolewa. Alikuwa mrefu, mwenye sauti ya kukwaruza kidogo, na alikuwa na tabia ya kuanza kucheka kabla hajamaliza kusimulia, hivi kwamba mara nyingi kichekesho chenyewe hatukukijua. Tulicheka tu kwa kumwona yeye.

Kitu alichokipenda kuliko vyote kilikuwa mchezo wa jukwaani ulioitwa Chai ya Stesheni. Ulichezwa Jumapili alasiri katika banda la mabati upande wa Mashimoni, na waliocheza walikuwa watu wa kazi: makarani, vijana wa reli, mpishi mmoja wa hoteli aliyepiga kodiani. Karibu kila kitu kiliimbwa. Hata kuagiza mandazi kuliimbwa. Mhusika mkuu aliitwa Sikujua, mwanamke anayeuza chai stesheni huku akimngoja mume aliyeondoka na gari moshi. Aliyemwigiza alikuwa fundi wa cherehani, dada mnene, mpole, ambaye siku za kazi ungempita dukani usimtazame mara ya pili. Lakini akifungua kinywa jukwaani, mabati yalitetemeka.

Babu yangu hakukubali binti yake aende peke yake mahali penye muziki na wanaume wa reli. Kwa hiyo ruhusa yake ilikuwa mimi. Nilivishwa kanzu, nikapewa njugu kwenye karatasi ili nisilie nikichoka, na nikaambiwa nimchunge shangazi yangu. Nilikuwa mdogo kiasi kwamba yeye ndiye aliyenibeba kuvuka mitaro. Hata hivyo kazi yangu niliichukulia kwa uzito. Mwanaume akikaa karibu naye kupita kiasi, nilimwaga maganda ya njugu kwenye kiatu chake.

Shangazi alizijua nyimbo zote, za wanawake na za wanaume. Alizisuka ndani ya kazi yake. Nakumbuka mkono wake ukipita na ukindu mwekundu huku anaimba sehemu ya Sikujua, na akibadilisha ukindu wa kijani anaingia sauti nzito ya mkuu wa stesheni, mpaka nyanya yangu anamwambia, "Zamzam, huyo mwanaume mtoe barazani kwangu." Kama tabaga ilitoka na kosa, alijua ni wimbo gani uliomponza.

Sasa nawaomba mshike jambo hili moja, kwa sababu yote yanatoka hapo. Karibu na mwisho wa mchezo, taa za stesheni zinazimika. Sikujua yuko gizani na birika lake. Hajui kama wachuuzi wenzake wamekwenda zao wakamwacha, au bado wamo humo gizani pamoja naye. Anaimba, "Wenzangu, mko?" Anaimba tena. Anaimba mara ya tatu, halafu anaanguka chini na kulia, na mchezo unaendelea kutoka kwenye kilio hicho. Ndivyo ulivyoandikwa.

Jumapili moja dada wa cherehani aliimba kwa namna ambayo sijui niielezeje. Labda alikuwa na yake yaliyomsumbua. "Wenzangu, mko?" Banda zima kimya. "Wenzangu, mko?" Watoto wachanga kimya. Mara ya tatu, kabla hajaanguka, nilihisi benchi letu likipanda, maana shangazi alikuwa ameinuka. Akapaza ile sauti yake ya kukwaruza:

"Tuko, mama! Tuko!"

Watu waliangua kicheko. Lakini yule dada hakuanguka. Alisimama pale pale, akageuza uso kutafuta sauti ilikotoka, kisha akaendelea na wimbo akiwa amesimama wima, machozi yakimtoka. Kicheko kikakatika chenyewe. Na kuanzia Jumapili iliyofuata, alipofika mahali pale alinyamaza na kungoja, na banda zima likamjibu, "Tuko!" Nimesikia vishindo vingi tangu hapo, viwanjani na kwenye mikutano ya kisiasa. Hakuna kilichonitikisa kifua kama kile. Mgeni aliyekaa kimya alichomwa kiwiko na jirani yake. Wachezaji waliukubali mtindo huo, na baada ya muda hakuna aliyekumbuka kwamba zamani Sikujua alikuwa akianguka.

Halafu wakaja watu wa sinema. Walikuja na gari jeupe, wakaketi mbele, wakaandika andika, wakapeana mikono na mpiga kodiani. Tukasikia Chai ya Stesheni inafanywa filamu. Kambi Muru yote ilivimba kichwa. Baadhi ya wachezaji walichukuliwa, wengine hawakuchukuliwa, na Jumapili za Mashimoni zikasimama. Tukaambiwa zitarudi filamu ikikwisha. Tulingoja. Msimu wa mahindi ukapita. Ndipo siku moja likapita gari lenye kipaza sauti likitangaza kwamba sinema itaonyeshwa Kawangware, Jumamosi alasiri, na kwamba kwa kuwa holi lina madirisha makubwa na mwanga mwingi, atakayeleta blanketi la kuziba dirisha ataingia bila tiketi.

Shangazi Zamzam hakulala vizuri tena. Alikuwa na hakika kwamba neno lake limo ndani ya filamu. Wangeliachaje? Waliketi pale mbele wakalisikia kwa masikio yao. Aliwaambia wanawake wa kisimani, akamwambia muuza makaa, akawaambia wapangaji wetu wote. Mmoja wao, Mama Atieno, mama wa Kijaluo aliyeuza samaki wakavu na kupenda utani kuliko biashara, alikuwa anakuja barazani makusudi kumchokoza.

"Zamzam, na jina lako wataliandika kubwa ama dogo?"

"Si lazima waandike. Wewe utasikia tu."

"Nikisikia 'tupa' je? Sababu masikio yangu ni ya samaki."

"Ukisikia vibaya, wee mama, nitakurudisha Kisumu na miguu."

Lakini Mama Atieno ndiye aliyekuwa wa kwanza kusema atakwenda, na ndiye aliyewakusanya wanawake wengine.

Jioni za wiki ile shangazi alinifundisha. Alinisimamisha barazani, yeye akawa Sikujua, akaimba swali lile kwa sauti ya chini, na mimi nikajibu. Mara ya kwanza nilijibu upesi mno, akaniambia nisubiri kwanza giza liingie. Mara nyingine nikajibu kwa uvivu. Alinishika mabega akanitazama.

"Rajabu, hili si neno la mtu mmoja. Mtu mmoja anasema niko. Kule Kawangware hawajazoea, wanaweza kunyamaza. Lakini mimi na wewe tukiitika, tayari ni 'tuko'. Umeelewa?"

Nikasema nimeelewa. Nikaahidi. Nilimpa hata mkono, kama mwanaume.

Kumbe wiki hiyo hiyo shuleni nilikuwa nimepata jina. Mwalimu wetu wa Kiswahili alikuwa mtu wa pwani, msafi, mwenye kalamu mbili mfukoni, na Kiswahili chetu cha Nairobi kilimtia kichefuchefu. Katika insha yangu niliandika, "Sisi sote tuko nyumbani." Akaisoma sentensi hiyo mbele ya darasa, akarudia lile neno akikunja shingo mbele na nyuma, "Tuko! Tuko! Tuko! Mtoto huyu anatetea kama kuku. Nyumbani ni mahali unapopajua. Tupo! Semeni, tupo!" Darasa likasema tupo. Wakati wa mapumziko nilikuwa nimekwisha kuwa Kuku. Walinifuata hadi mtoni wakitetea. Shangazi sikumwambia. Ningeanzia wapi?

Jumamosi tulitoka baada ya sala ya adhuhuri. Tulipita Woodley, tukakata Barabara ya Ngong, kundi la wanawake wenye mablanketi kichwani kama wakimbizi wenye furaha. Shangazi hakuwa na blanketi la kutosha dirisha, kwa hiyo alichukua gurbaba yake mpya, ile nguo kubwa ya kujifunga ya wanawake wa Kinubi, yenye maua mekundu kwenye weupe. Nyanya alimwambia nguo ile ni nyepesi, itapitisha jua. Akajibu kwamba nguo ile ndiyo iliyompendeza zaidi, na leo hawezi kwenda na kitu cha aibu.

Holi la Kawangware lilinuka jasho, sufu, na petroli ya ile jenereta iliyokuwa ikinguruma nje ya mlango. Walitundika mablanketi moja moja, na giza likaingia kwa vipande. Gurbaba ya shangazi ikawekwa dirisha la upande wa jua, na kama Nyanya alivyosema, jua lilipita. Kitambaa cheupe cha sinema kikajaa vivuli vya maua. Watu walinung'unika. Shangazi akanikonyeza, kana kwamba amepanga mwenyewe.

Nilipogeuka kutazama nyuma, nikamwona mwalimu. Alikuwa benchi la pili kutoka letu, amevaa tai, na pembeni yake wavulana wawili wa darasa letu. Mmoja alinikunjia shingo polepole, mbele na nyuma.

Filamu ikaanza. Nitasema kweli, ilikuwa nzuri. Stesheni ilikuwa stesheni ya kweli, gari moshi lilikuwa gari moshi la kweli lenye moshi wa kweli, na mtu aliyezoea kuona gari moshi la mbao likisukumwa na makarani angekosa adabu kutoshangaa. Dada wa cherehani hakuwamo. Sikujua sasa alikuwa msichana mwembamba mwenye sauti ya kioo. Nilihisi shangazi akishusha pumzi alipomwona, na Mama Atieno akasema kwa sauti, "Huyu hata birika hawezi kubeba." Lakini shangazi akamtetea papo hapo. "Mwacheni. Ana macho ya machozi, mtaona." Na kweli akampenda. Aliimba pamoja naye chini kwa chini, akatangulia maneno, akatuambia nani anaingia sasa, mpaka mtu wa mbele akageuka na kumwomba amwachie mwenye filamu kazi yake. Maua ya gurbaba yalimpita Sikujua usoni kila alipokwenda upande wa kulia. Nakumbuka nikidhani ndivyo sinema zote zilivyo.

Taa za stesheni zikazimika. Shangazi akanishika mkono.

Yule msichana akatazama gizani, na kodiani, ambayo sasa ilikuwa imefichwa nyuma ya vinanda vingi, ikashuka. Akaimba, "Wenzangu, mpo?"

Nilisikia lile neno kabla sijaelewa nini kimebadilika. Mpo. Na kabla sauti yake haijakatika, kundi la wachuuzi wenye leso safi na kofia mpya wakatokea kila upande wakiimba kwa mpango, "Tupo, tupo, mwenzetu tupo!" Hakuuliza mara ya pili wala ya tatu. Hakungoja. Taa zikarudi, msichana akaanza ubeti wa furaha, na ni hapo, juu ya ubeti huo, sauti ya kukwaruza ilipotoka kando yangu, imechelewa, iko peke yake:

"Tuko!"

Holi likapasuka kwa kicheko. Mwanaume mmoja nyuma akapaza sauti, "Mama, umeachwa na gari moshi!" Wakacheka zaidi. Naye shangazi hakutazama nyuma. Alinigeukia mimi. Mwanga wa filamu ulikuwa ukimpigapiga usoni, mdomo wake bado umefunguka kidogo, na nyusi zimeinuliwa kama alivyoziinua barazani alipokuwa akiningoja nijibu. Bado kulikuwa na nafasi. Ningesema hata kwa kuchelewa, hata kwa kunong'ona, tungekuwa wawili. Nikafikiri juu ya benchi la pili nyuma yangu. Nikafunga mdomo na kutazama mbele, nikaangalia maua yanavyotembea juu ya yule msichana mwembamba mpaka mkono wa shangazi ukaniachia.

Tulirudi na jua likishuka. Mama Atieno alijaribu kutaniana, akaona haifai, akaanza kulaumu filamu yenyewe, kwamba chai inauzwaje na mtu asiyetoka jasho. Wanawake wakamuunga mkono kwa bidii. Shangazi alitembea pembeni, gurbaba imekunjwa begani, na mimi nikatembea nyuma yake, mbali kidogo, nikisukuma mawe kwa kidole cha mguu. Tulipofika kwenye miti ya Woodley alinisubiri.

"Rajabu," akasema, "ulikuwa na kikohozi?"

Sikuelewa mara moja. Halafu nikaelewa.

"Ndiyo, shangazi."

"Nilidhani hivyo."

Nami, ili uongo usimame vizuri, nikakohoa. Nikakohoa njia nzima hadi Kambi Muru. Tulipofika alichemsha tangawizi, akatia asali kidogo iliyokuwa ya Nyanya, akakaa kando yangu mpaka nikamaliza kikombe. Kesho yake akanipikia tena. Nilikunywa dawa ya ugonjwa ambao sikuwa nao, kutoka kwa mtu ambaye sasa nadhani alijua hivyo tangu mwanzo, na kila tone liliniwasha hadi masikioni.

Jumapili za Mashimoni hazikurudi. Waliochukuliwa na filamu walipata mambo yao mjini, waliobaki wakakosa moyo, na watu wakasema, kwa nini tutazame gari moshi la mbao ilhali tumeona la kweli? Banda likawa ghala la mkaa. Shangazi aliendelea kusuka, akaolewa, akazaa, akafiwa. Alicheka vile vile kabla ya kumaliza hadithi. Nyimbo nyingine aliimba, za doluka, ngoma ya Wanubi, kwenye harusi zetu, akipiga ngoma kuliko vijana. Chai ya Stesheni sikumsikia akiimba tena.

Miaka kadhaa baadaye nikiwa sekondari ya bweni, mwalimu mwingine alitufundisha po, ko na mo. Po ni mahali dhahiri, akasema, ambapo unaweza kupaonyesha kwa kidole. Ko ni mahali usipopaona, penye uwazi usiojua mwisho wake. Nikaweka kalamu chini. Huyo Sikujua wa jukwaani yuko gizani; hawezi kumwonyesha yeyote kwa kidole. Angeulizaje mpo? Na wale walio gizani wangejibuje tupo? Sidhani shangazi alipiga hesabu hiyo. Alisema kama tulivyosema sote Kibera, na bahati ikawa upande wake. Siku ile nilikuwa na nauli ya kwenda kumwambia. Nikasema nitamwambia likizo. Likizo ikaja na mambo yake. Baadaye nikahamia huku Kawangware, ambako ni karibu kiasi kwamba ukiamua kutembea unafika kabla viatu havijapata moto, na bado kulikuwa na miaka ambayo nilimwona Idi tu, miguu yangu ikiwa tayari imeelekea mlangoni. Nilikuwa na sababu nyingi. Zote zilikuwa kikohozi.

Mwaka huu, Salma, binti wa mwanangu, aliyekuwa amesikia hadithi hii nusu nusu, alikuja akitabasamu. "Babu, cheki. Nimeipata, yote, iko kwa simu." Nikaona maandishi yanayorukaruka, nikaona moshi. Nikamwambia azime. Sikutaka kuitazama peke yangu.

Tulikwenda Kambi Muru asubuhi. Shangazi amekuwa mdogo, kana kwamba urefu wote aliuweka mahali akasahau kuuchukua. Macho yake yana ukungu, lakini ulimi uko salama. Aliponisikia mlangoni alisema, "Huyu ni nani anakanyaga kama mwenye nyumba?" na akanipa shavu. Salma akamweleza tulichokuja nacho. Shangazi akaipapasa simu kwa vidole. Kisha akasema mwanga ni mwingi, hataona kitu, tukachukue gurbaba iliyo kitandani tuzibe dirisha. Ilikuwa nyepesi, ya maua ya buluu, na jua lilipita kama kawaida yake.

Tukakaa watatu, simu imeegemezwa kwenye tabaga. Nyimbo alizijua zote. Alitangulia maneno. Alipotokea yule msichana mwembamba, akasema, "Maskini, bado ana macho ya machozi," na Salma akacheka, naye alikuwa amekwisha kuanza kabla yake. Mimi sikuwa nikitazama sana. Nilikuwa nimeweka kidole juu ya kioo, pale Salma aliponionyesha, nikingoja.

Taa za stesheni zikazimika. "Wenzangu, mpo?" akaimba yule msichana, na nikabonyeza.

Akasimama hapo hapo, mdomo wazi, mkono mmoja mbele yake. Wale wachuuzi wa leso safi hawakupata nafasi ya kutokea. Ua moja la buluu lilikuwa limemkalia shavuni. Nje kulikuwa na mtu akigonga bati, na mtoto akiitana na mwenzake.

Nilitarajia shangazi aseme. Ndiyo sababu nilikuja, nimkatie filamu mahali pake apate kusema neno lake, na mimi nijione nimelipa. Hakusema. Alikuwa amenigeukia, nyusi zimeinuliwa, ananingoja. Hapo ndipo nilipoelewa, mzee mzima mwenye fimbo, kwamba siku ile ya Kawangware yeye hakuachwa na gari moshi. Neno la filamu, mpo au mko, lilimpita na angelisahau kabla ya kufika Woodley. Yeye alikuwa ameita mtu mmoja tu humo gizani, aliye kando yake, ambaye mkono wake alikuwa ameushika.

"Tuko," nikasema. Sauti yangu ilitoka mbovu. Nikarudia, kwa nguvu, hata aliyekuwa akigonga bati akanyamaza. "Tuko, shangazi."

Aliitikia kwa kichwa taratibu, akatafuta goti langu akalipiga kofi dogo, halafu akamgeukia Salma.

"Umesikia? Kikohozi kimepona." Kisha kwangu, akionyesha simu kwa kidevu, "Haya, mwachilie huyo dada aendelee. Amesimama sana."